Maji Tuliyokuwa Tukiyachemsha Bure

Mimi mwenyewe ndiye niliyeyabeba yale maji kutoka nyumbani hadi maabara. Nilikuwa nimeenda Ndithini kumwona mama, na asubuhi ya kurudi Machakos mjini nikateremka hadi kwenye shimo la machimbo, nikajaza mtungi wa lita tano, nikaweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili usivuje. Mama aliniuliza kama mjini tumekosa maji. Nikamwambia ni ya kazi.

Akacheka. "Basi mwaitu, waambie hii ndiyo maji tamu kushinda zote za huku."

Kwetu Ukambani mwaitu ni mama. Nimepewa jina la nyanya aliyemzaa mama, kwa hivyo mama huniita mama yake, nami humwita vivyo hivyo. Tukiwa wawili jikoni, mgeni anaweza kukaa mpaka chai iishe bila kujua nani kamzaa nani.

Shimo lenyewe lilichimbwa kabla sijazaliwa na watu waliokuwa wakitafuta madini. Hawakupata ya kutosha, wakaondoka na mashine zao, wakatuachia bonde la mawe ya kijivu, na maji yakapanda kutoka chini taratibu mpaka yakalijaza nusu. Kiangazi kikishika, silanga letu, lile bwawa la udongo la kunyweshea ng'ombe, hukauka na kupasuka. Shimo halijawahi kukauka. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba ukiangusha sarafu unaiona ikitua. Wahudumu wa afya walipokuja kutufundisha habari za kipindupindu, mama alishika somo kuliko wote. Tangu siku hiyo kila tone la kunywa nyumbani kwetu lilichemshwa, likapoa, likafunikwa. Alijivunia jambo hilo, nami nilijivunia mama anayechemsha maji.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini. Naosha vyombo, napima kemikali, natunza mashine. Wakati huo nilikuwa nikimsaidia profesa mmoja, mzaliwa wa Tala aliyelelewa katikati ya marobota ya mitumba ya mama yake sokoni. Alikuwa akitengeneza kifaa cha kuondoa urani kwenye maji ya migodi kwa kutumia mwanga na umeme.

Urani ikishayeyuka majini haina rangi wala harufu wala ladha. Kitambaa cha kuchujia hakiishiki, na dawa ya kutia majini haiigusi. Profesa alichukua kioo akakipaka utando mwembamba wa ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi ya nyumba. Kioo hicho kikimulikwa na taa kali, mwanga hung'oa chembe za umeme kutoka kwenye utando. Waya huzivuta chembe hizo hadi upande wa pili, kwenye bamba jeusi la kaboni lililozama ndani ya maji, na betri ndogo husaidia kuzisukuma. Pale kwenye bamba, urani huzipokea. Ikishazipokea haiwezi kuyeyuka tena. Inaganda pale pale, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

"Mwanga unabeba mzigo," profesa alipenda kusema. "Umeme unashika tu kamba."

Kwa maji tuliyoyachanganya wenyewe, maji safi yaliyotiwa urani kidogo kwa kipimo, kifaa kilifanya kazi vizuri. Lakini maji ya kuchanganya hayana tope, hayana chumvi, hayana historia. Profesa alitaka maji halisi ya kwenye mawe, kisha sisi tuyatie urani tuone. Ndipo nikakumbuka shimo la kwetu. Nieleweke hapo. Niliyaleta kwa sababu niliyaamini kuwa masafi.

Ni desturi kupima maji kabla ya kuyatia chochote, ili ujue umeanzia wapi. Nilitarajia mashine isinionyeshe kitu. Ikaonyesha. Nikadhani sikuosha chombo vizuri, nikakiosha, nikarudia. Nikachukua chombo kipya, nikarudia mara ya tatu. Kisha nikamwita profesa.

"Umeosha chombo?"

"Nimeosha. Hicho ni kipya."

Akarudia mwenyewe. Mikono yake ni mizito, hufanya kila kitu polepole, na siku hiyo nilitamani kumpokonya ile sampuli. Namba ikatoka ileile, au karibu na ileile. Ilikuwa juu ya kiwango kinachoruhusiwa kwa maji ya kunywa, si kwa kidogo.

"Haya maji umeyatoa wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa mama."

Sikuwa nimewahi kumwona akikaa chini ndani ya maabara. Siku hiyo alivuta kigoda akakaa.

"Usiseme bado," aliniambia. "Tupeleke sampuli kwa maabara nyingine wathibitishe. Tukienda kutangaza halafu ionekane makosa ni yetu, hakuna mtu huko atatuamini tena, hata siku tukiwa na ukweli."

Nilikubali. Alikuwa sahihi, nami nilijua. Nilichokuwa sijui ni jinsi mtu anavyoishi na kukubali kwa namna hiyo.

Nilianza kumpigia mama simu kila asubuhi. Umeamkaje, umekula nini, umekunywa nini. Nilikuwa nimesoma kwamba urani ikiingia mwilini kwa miaka hushambulia figo kwanza, kwa hivyo kila alichosema nilikipeleka kwenye figo. Akisema amelala vibaya, figo. Akisema hana hamu ya chakula, figo. Siku moja alisema miguu imefura kidogo kwa sababu ya joto, na mimi nikakata simu nikaenda kusimama kwenye veranda ya chuo, nikiwatazama wanafunzi wakipita na chupa zao za maji mikononi.

Mjomba wangu alikuwa akileta magunia ya ndengu mjini kwa pikapu yake. Nikaanza kumpa mitungi ya maji ya mjini ampelekee mama. Sikumwambia sababu. Nilimwambia mama ayanywe kwa ajili ya tumbo. "Tumbo langu liko na shida gani?" aliuliza. Nikasema nimeota vibaya. Hilo alilikubali.

Wiki ya tatu majibu ya maabara ya pili yalikuwa bado hayajaja. Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilipoingia chumbani kuweka mkoba wangu nikaiona mitungi yote chini ya kitanda, imepangwa mstari, haijafunguliwa hata mmoja.

"Hiyo ni ya wageni," mama alisema. "Mchungaji akikuja nitampea gani? Mtu akae peke yake anywe maji ya mjini, hiyo ni nini?"

Alikuwa ameshanimiminia chai. Ilikuwa ya maziwa mengi, kama ninavyoipenda, na alikuwa amesimama akingoja niionje. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilijua maji yaliyomo yametoka wapi na yamechemshwa kwa muda gani. Nikanywa. Labda niliona aibu kuogopa kikombe kimoja cha kitu ambacho yeye alikuwa amekinywa maisha yake yote. Nilikimaliza, nikakiweka chini, na ndipo nikaongea.

Nilimwambia kila kitu. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa cha meza, akikikunjua, akikikunja.

"Lakini mimi nachemsha," alisema.

"Mwaitu, kuchemsha kunaua viini. Hii si kiini. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki."

"Kwa hivyo nilikuwa naifanya iwe nyingi."

Alikuwa ameelewa haraka kuliko wanafunzi wengi niliowaona.

Kisha akaniuliza juu ya baba. Baba alifariki miguu ikiwa imefura, na hospitalini walituambia ni presha. Mama aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na baba yenu?" Nikamwambia sijui. Mpaka leo nikiulizwa swali hilo jibu langu ni hilo hilo, na nimelitafuta lingine kwa bidii.

Akaniuliza juu ya kuku, juu ya sukuma wiki anazomwagilia, juu ya kuoga. Kuoga hakuna neno, nilisema. Mboga tutapima. Nilijaribu kuzungumza kama mtu wa maabara, nikijua kwamba nusu ya majibu yangu yalikuwa "tutapima."

"Umejua tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tatu."

Akaacha kukunja kile kitambaa. "Wiki tatu. Na huyu mama wa hapa chini ako na mimba. Anachota pale kila siku, anapita hapa ananisalimia. Wiki tatu, mwaitu?"

Nilianza kumweleza habari za maabara ya pili, za kuaminiwa na watu, za profesa. Hakungoja nimalize. Alijifunga leso kichwani, akachukua mitungi miwili kutoka chini ya kitanda, akatoka nayo kuelekea kwa jirani. Nilimfuata na mingine. Yule jirani alikuwa anapepeta maharagwe uani. Mama alimwambia kwa Kikamba, maneno machache tu, kwamba asinywe tena maji ya shimo mpaka tumwambie, na anywe haya. Yule mama akanitazama mimi, si mama yangu, akaweka mkono tumboni. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi.

Kufikia Jumapili ibada ya pili, kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Nilimpigia profesa kabla hajasikia kwa wengine. "Ungeniambia unaenda kusema," alisema. Nikamjibu kwamba sikuwa najua naenda kusema. Hakunigombeza. Siku iliyofuata alienda mwenyewe kwenye ile maabara nyingine na kukaa kwenye benchi lao mpaka wakampa majibu. Yalilingana na yetu.

Naibu wa chifu aliitisha baraza. Nimewahi kuhudhuria mabaraza mengi, ya njaa, ya mipaka, ya mabomba yasiyofika, lakini sijawahi kuona watu wakiwa kimya vile kabla ya kikao kuanza. Mzee mmoja alisimama wa kwanza. "Kama ni sumu, mbona sisi hatujakufa?" Wachache walicheka. Mwingine akasema hii ni janja, kuna mtu anataka kutuhamisha ili machimbo yafunguliwe tena, na wakati akisema hivyo aliniangalia mimi, binti wa hapo, kama mtu aliyetumwa. Hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Profesa alisimama akajibu kwa Kikamba cha Tala, bila karatasi. Alisema hatuna haja ya shimo lao. Alisema urani imo ndani ya mawe yenyewe, na kuchimba kuliyafungua mawe hayo kwa maji. Alisema haiui kwa siku moja, na hiyo ndiyo sababu hakuna aliyeiona.

Mwanamke mmoja wa kikundi cha kina mama akauliza, "Sasa nyinyi mnaweza kuitoa, ama mmekuja kututisha tu?"

"Tunaweza," profesa alisema.

Mimi niliyekaa nyuma yake nikainamisha macho. Kwa sababu mimi na yeye tulijua kile ambacho baraza halikujua. Tulikuwa tumekwisha kuyajaribu maji ya shimo kwenye kifaa chetu mara kadhaa, na kifaa kilikuwa kimeshindwa.

Kile kioo kilichokuwa kikisafisha maji yetu ya kuchanganya kwa saa chache kilikaa siku nzima kwenye maji ya shimo, taa ikiwaka, betri ikisukuma, na namba ikabaki karibu pale pale. Tulibadilisha taa. Tulipaka kioo upya. Nililisugua bamba mpaka vidole vikachubuka. Kila jioni nilipima, kila jioni nilimwandikia profesa namba ubaoni, na kila asubuhi mama alinipigia yeye sasa, kuuliza, "Mmetoa?" Nilikuwa nikitazama simu ikilia na kuhesabu pumzi kabla ya kuishika.

Kosa lilikuwa kwenye ule utamu. Maji ya kwetu yana magadi, ndiyo yanayofanya maharagwe yaive haraka na chai iwe na ladha ile. Magadi hayo yalikuwa yameikumbatia urani ndani ya maji, yakaishika isikubali kupokea chembe za umeme. Profesa aliliwaza jambo hilo wiki nzima, kisha asubuhi moja akaniambia nitie asidi kidogo sana, tone kwa tone. Maji yakatoa povu dogo, viputo vikapanda kama soda iliyofunguliwa, magadi yakatoka kama hewa. Tukawasha taa. Adhuhuri namba ilikuwa imeshuka. Alasiri ilikuwa imeshuka zaidi. Kabla ya kufunga maabara ilikuwa chini ya kiwango. Nikaosha chombo, nikarudia mara tatu. Profesa alisema inatosha, nami nikarudia ya nne.

Tuliupeleka mtambo Ndithini, ukawekwa kwenye ua wa zahanati. Ulikuwa kitu cha kawaida kwa macho. Palikuwa na beseni refu la plastiki lenye vioo vilivyolazwa juani, mabamba meusi, waya, na paneli ya sola ya kusukuma umeme. Jua la kwetu, ambalo miaka yote tumelilaumu, lilifanya kazi ya taa. Watu walikuja na viti. Walitarajia waone kitu kikitokea, na hakuna kilichotokea ambacho jicho lingeona, ila viputo vya mwanzo na maji yaliyotulia. Saa tisa nikapima, nikatia chokaa kidogo kuua ukali wa asidi, nikapima tena. Profesa akamimina gilasi akanywa mbele yao. Nami nikanywa. Mama akasogea akachukua gilasi mkononi mwangu, akaonja.

"Haina utamu," alisema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu baraza.

Lakini yule mwanamke wa kikundi alikuwa akihesabu. "Huo ni mtungi mmoja wa lita ishirini, tangu asubuhi. Na sisi tuko wangapi?"

Profesa alikiri. Alisema mtambo huu ni wa kuonyesha kwamba inawezekana, mkubwa bado. Sikuona aliyekasirika. Nadhani walikuwa wamezoea vitu vya kuonyesha.

Mama alibaki nyuma tulipokuwa tukifungua mabamba. Juu ya weusi wa kaboni palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya manjano chafu. Alinyoosha kidole bila kugusa.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mtaiweka wapi?"

Nilimweleza kwamba tutaiosha kwa asidi, itaingia kwenye chupa, chupa itafungiwa kwenye stoo yenye alama, mpaka wanaohusika na vitu hivyo waichukue. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia mpango wa mtoto wake wa kuoa haraka. Chupa hiyo bado imo katika stoo. Ufunguo ninao mimi. Hupita siku nikautafuta mfukoni mara tano, nikijua upo.

Baadaye serikali ya kaunti ilizungushia shimo ua wa waya na kuandika bango. Boza, lori la tangi la maji, huja, ingawa si kila siku iliyoahidiwa. Kanisa lilinunua matangi, na nyumba nyingi zenye mabati zimewekewa mifereji ya kukinga mvua. Jirani yetu alijifungua msichana. Ana afya nzuri, kwa kadiri mtu anavyoweza kuona kwa macho, na mimi sasa nimeacha kuamini macho. Kila nikienda humbeba, nikamtazama kucha, miguu, macho, hata mama yake huniuliza natafuta nini.

Mama nilimpeleka hospitali Machakos. Daktari alisema figo zake zimechoka kupita umri wake kidogo. Nilimweleza habari za maji. Aliandika, akauliza maswali mazuri, kisha akasema inaweza kuwa maji, inaweza kuwa presha, inaweza kuwa vyote, na hakuna kipimo cha kumwambia ni lipi. Turudi kila baada ya miezi michache. Tulipotoka, mama alisimama kwenye ngazi akifunga leso. "Umeona? Hata yeye atapima," alisema. Hakuwa amekasirika. Alitaka twende tukale muthokoi mahali fulani karibu na soko, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharagwe mpaka yakalainika. Alikula sahani yote, mimi nikibaki na yangu mbele, nikihesabu vijiko vyake.

Mwezi uliopita boza halikuja kwa siku tisa. Nilifika Ijumaa nikamkuta mama ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na ule ua, pale ambapo mtu alikuwa amekunja waya na kufungua njia. Alikuwa na mtungi wa maji ya mvua kutoka tangi lake mwenyewe, na kikombe. Kila aliyekuja kuchota alimsalimia, akamuuliza habari za watoto, akampimia maji ya kunywa ya siku hiyo, kisha akamwacha ateremke kuchota ya kufulia. Hakumkaripia mtu.

"Tangi lako litaisha," nilimwambia.

"Litaisha," alikubali. "Na kile kioo chenu kitakuwa kikubwa lini?"

Nikamwambia tunajenga beseni lenye vioo vingi zaidi, kwamba profesa ameahidiwa msaada, kwamba tatizo sasa ni utando kuchakaa mapema juani. Alisikiliza mpaka mwisho. Mwanamke mwingine alikuwa akija na punda, mitungi minne ikigongana. Mama akainuka kumlaki, nami nikakaa kwenye kiti chake, nikashika kile kikombe, nikaanza kupima.